Khabari Moja na Khabari Nyingi: Juu ya Majaribio ya Nuru na Nadharia ya Nisba

 

Lilizuka neno Kilosa baada ya sala ya isha, nami nilikuwa mgeni wao, nimeshuka garini siku ile ile kutoka pwani. Kijana mmoja asomeshaye fizikia mchana katika skuli, na jioni akawasomesha watoto Kurani katika chuo kilicho ubavuni mwa msikiti, aliandika ubaoni kwamba saa iendayo mbio hukawia nyuma ya saa iliyotulia, kama alivyosema Einstein katika mwaka 1905. Pembeni mwa maneno hayo akaandika ile aya ya Suratul-Hajj itajayo siku iliyo kwa Mola na miaka ya hisabu yetu sisi, akawaambia watoto kwamba walilolivumbua Wazungu juzi, Kurani imelisema tangu zamani. Khabari hii ikamfikia mzee mmoja mwenye duka Mikumi, ambaye wajukuu zake wasoma katika chuo kile. Akaja Kilosa na neno zito.

Alisema: "Nadharia hiyo imekwisha vunjwa. Mwaka 2011 nilisikia kwa masikio yangu katika redio kwamba wataalamu wa Ulaya wamepima chembe zikaishinda nuru kwa mbio, na Einstein alisema hakuna kiishindacho nuru. Basi mwanangu huyu amelitundika neno la Mungu katika msumari mbovu. Tena hao husema kila jambo ni kwa nisba, lililo kweli kwako si kweli kwangu. Mtu wa namna hiyo asisomeshe watoto." Kijana akainama, akajibu, "Mzee wangu, majaribio yote yaithibitisha." Baraza ikagawanyika mafungu mawili, na mimi nikatakiwa shauri kwa kuwa ni mgeni na sina upande. Niliwaomba muhula wa siku chache. Haya ndiyo niliyowajibu, na nimeyaandika kwa kuwa mzozo kama huu nimeusikia Tanga na Mombasa pia.

Kwanza yapasa ijulikane nadharia yenyewe yasema nini, kwani wengi waikataao na wengi waikubalio hawakupata kuisikia. Mzee wetu ni mtu wa Mikumi, basi na tuchukue mfano wa kwao. Lori lapita katika barabara kuu ikatayo mbuga ya Mikumi, na mtu amesimama kando ya njia. Utingo aliye juu ya lori akirusha embe kuelekea mbele, embe lile litamjia mtu yule kwa mwendo wa mkono wa utingo pamoja na mwendo wa lori. Miendo miwili imejumlika, na asiyeamini na asimame pale. Lakini dereva akipiga honi, sauti haizidishiwi kasi na lori, kwa sababu kinachoichukua sauti ni hewa, na hewa haikutoka pamoja na lori. Upepo ukivuma, mwenye vyombo vya kupimia ataona sauti yafika upesi zaidi upande uendako upepo kuliko upande utokako.

Sasa taa za lori lile, nuru yake ni kama embe au ni kama honi? Hili ndilo swali lote, na aliyelishika hili hatapotea katika yanayofuata.

Wataalamu wa karne ya 19 walisema ni kama honi. Walidai kwamba ulimwengu umejaa kitu chembamba walichokiita etha, nacho ndicho kiichukuacho nuru kama hewa ichukuavyo sauti. Basi ikiwa ardhi yazunguka jua kwa kasi ya kilomita 30 kila sekunde, lazima tuuone upepo wa etha ukitupiga usoni. Katika mwaka 1887 Michelson na Morley, katika mji wa Cleveland huko Marekani, waliipasua nuru mapande mawili, wakayapeleka njia mbili zilizopandana kama msalaba na kuyarejesha, ili waone lipi litachelewa kwa upepo ule. Hawakuuona upepo waliokuwa wakiutazamia. Etha ikabaki jina.

Ndipo Einstein akaja akasema: si embe wala si honi. Nuru hupimwa kasi moja, kilomita 299,792 na kitu kwa sekunde, na kila apimaye aendaye mwendo ulionyoka usiobadilika, sawa chanzo chake kikimjia au kikimkimbia. Tena kanuni za maumbile ni zile zile kwa wote waendao hivyo. Na hili la pili msafiri wa reli mpya alijua bila ya kufundishwa. Gari lendapo laini kilomita 160 kwa saa, likaingia katika mahandaki ya Kilosa na nje kukawa giza, tasbihi ikimponyoka mkononi humwangukia mapajani kama aliyeketi barazani kwake, na chai haimiminiki upande. Asipotazama dirishani hana hoja ya kujua kwamba yumo katika mwendo.

Ukiyaunganisha hayo mawili, hisabu yakulazimisha ukubali la tatu ambalo nafsi hulichukia, nalo ni kwamba wakati haupimiki sawasawa kwa wote. Saa iendayo hukawia. Usidhani utaiona kawa hiyo katika saa yako ya mkononi. Gari lile likienda saa nzima kwa kasi yake yote, kukawia kwake kwa ajili ya mwendo ni kama sehemu 4 katika 100 za sehemu moja ya bilioni ya sekunde, tukiweka kando mwinuko wa nchi, ambao nao una athari yake katika nadharia nyingine ya Einstein iliyokuja baadaye. Kwa hiyo waliokuwa wakitaka ushahidi iliwapasa watafute viendavyo mbio mno, au saa zisizokosea kabisa.

Wakavipata vyote viwili. Juu katika anga, kadiri ya kilomita 15, huzaliwa chembe ziitwazo myuoni, ambazo umri wake kwa wastani ni sehemu mbili na kidogo za milioni ya sekunde. Kwa umri huo, hata zikienda kwa mwendo wa nuru, nyingi zingekufa kabla ya kukata kilomita moja. Nazo hizo zatufikia hapa chini, zapita katika viganja vyetu tunapoinua mikono kuomba, kama moja kwa kila sentimita mraba kwa kila dakika. Frisch na Smith walizihesabu katika mlima wa Marekani wenye kimo cha mita 1,900 hivi, wakapata kama 560 kwa saa. Walipohesabu tena karibu na usawa wa bahari, lau wakati ungekuwa mmoja kwa wote wangelipata 27 tu, lakini walipata zaidi ya 400. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1963. Katika Oktoba 1971 Hafele na Keating walipanda ndege za abiria na saa nne za atomu, wakauzunguka ulimwengu kwa upande wa mashariki, kisha kwa upande wa magharibi. Waliporudi, saa zilikuwa zimepungua kwa wastani sehemu 59 za bilioni ya sekunde katika safari ya kwanza na kuzidi 273 katika ya pili, na hisabu ya nadharia mbili za Einstein ilikuwa imetabiri karibu na hayo.

Madereva wa malori wanaopita Mikumi kwenda Iringa na Zambia hutazama njia katika simu zao, na simu zile huongozwa na setilaiti zilizoko kilomita 20,200 juu. Saa za setilaiti hizo hukawia kwa ajili ya mwendo kama sehemu 7 za milioni ya sekunde kila siku, na huzidi 45 kwa ajili ya kuwa mbali na uzito wa ardhi, zikabaki 38. Waliozitengeneza walizipunguza mbio kwa kadiri hiyo kabla ya kuzirusha. Nuru katika muda huo mdogo hukata kilomita 11.

Lakini mtu mwenye akili atasema: hayo ni matawi, nionyeshe shina. Nani amehakikisha kwamba nuru si embe? Swali hilo ni la haki, na liliulizwa na wakubwa. Ritz alidai katika mwaka 1908 kwamba nuru ni embe khasa, yaani huchukua mwendo wa kilichoitoa. De Sitter akamjibu mwaka 1913 kwa nyota pacha zizungukanazo: lau nuru ingechukua mwendo wa nyota, ile iliyotoka nyota ikitujia ingeipita ile iliyotangulia kutoka nyota ikitukimbia, tukaona mambo ya fujo mbinguni, nayo hayaonekani. Ikaonekana kesi imekwisha. Baada ya nusu karne alitokea Fox akaonyesha tundu katika hoja ile. Kati ya nyota na sisi kuna gesi nyembamba, na nuru ipitayo ndani yake hupokewa na kutolewa upya, hata ikasahau mwendo wa chanzo chake. Shahidi wa De Sitter alikuwa mkweli, lakini maneno yake yalipitia kinywa cha mwingine. Waliosoma elimu ya hadithi wajua uzito wa aibu hiyo.

Na jibu lilianzia wapi? Hapa pwani kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi, ikibeba setilaiti ya Wamarekani ya kutazama miali ya eksirei itokayo mbinguni. Wakaiita Uhuru kwa kuikumbuka siku ile. Wengi wa wavuvi walioona moshi ule hawakuambiwa nini kimepita vichwani mwao, na ni haya yetu sisi tuandikao kwamba hata leo mtoto wa Malindi aijua San Marco kwa jina la jukwaa tu. Setilaiti ile iligundua nyota zitoazo eksirei kwa mapigo kama ya moyo. Mojawapo, katika kundi la Centaurus, hupiga pigo moja kila sekunde 4.8, na humzunguka mwenziwe kwa siku mbili na kidogo, kwa kasi ipitayo kilomita 400 kwa sekunde. Na eksirei hupenya gesi ile bila ya kuzuiliwa kama nuru ya macho. Shahidi sasa anasema kwa kinywa chake.

Katika mwaka 1977 Brecher alizichukua nyota za namna hii akazipima. Lau eksirei zingekuwa embe, mapigo yake, baada ya kusafiri maelfu ya miaka, yangefika yamechanganyika, la nyuma mbele na la mbele nyuma. Yanafika kwa safu. Akakata hukumu kwamba ikiwa nuru yachukua fungu lolote la mwendo wa chanzo chake, fungu hilo halifiki sehemu mbili katika bilioni.

Hayo ndiyo yaliyo upande wa kijana. Ya upande wa mzee nayo yapo, na si uungwana kuyaficha. Katika mwaka 1906 Kaufmann alitangaza kwamba vipimo vyake vya elektroni ziendazo mbio vyapinga fikira ya Einstein. Hakuwa mtu mdogo, alikuwa bingwa wa kazi ile, na Einstein mwenyewe hakuweza kumwonyesha kosa lake liko wapi, ila vipimo vya wengine, kuanzia Bucherer mwaka 1908, vikaenda upande mwingine. Miller naye alipanda mlima Wilson huko California na mtambo kama ule wa Michelson, na kufika mwaka 1926 alikuwa akisema ameuona upepo wa etha. Alikufa akishikilia hayo. Shankland na wenziwe walizipitia daftari zake, na mwaka 1955 wakaonyesha kwamba kilichokuwa kikicheza ni joto la chumba.

Kisha ikaja khabari ya mzee wetu, nayo ni ya kweli. Septemba 2011 jamaa wa jaribio liitwalo OPERA walisema kwamba chembe ziitwazo nyutrino, zilizotoka Geneva zikapita chini ya ardhi kilomita 730 hadi Gran Sasso huko Italia, zilifika mbele ya wakati wa nuru kwa sehemu 60 za bilioni ya sekunde. Hawakusema "Einstein amekufa." Walisema: tumepima, tumerudia, hatukuliona kosa, basi tutazameni nanyi. Magazeti ndiyo yaliyomzika Einstein. Mwaka 2012 wakaona wenyewe kwamba waya mmoja upitishao nuru haukukazwa vema katika mtambo wao wa saa, na jaribio jingine katika mlima ule ule, ICARUS, likapima nyutrino zisiipite nuru. Nao OPERA wakarudi mbele ya watu wakalisema hilo. Nilipomweleza mzee, alinyamaza kitambo kisha akauliza, "Mbona hili la pili redio haikulisema?" Labda ililisema. Khabari ya kuvunjika hupigiwa mbiu, khabari ya waya uliolegea husomwa baada ya ile ya mpira.

Sasa, tumhukumu nani? Nasi tuna mizani yetu katika jambo hili, wala hatuna haja ya kuazima. Wakubwa wetu wa hadithi, kama alivyokusanya Ibn Salah katika Mukadima yake, hawakuikubali khabari kuwa sahihi kwa kuwa wapokezi wake ni waaminifu na hafidhi na sanadi imeungana, basi. Waliongeza kwamba isiwe shadhi, yaani mwaminifu mmoja kuwakhalifu walio thabiti kuliko yeye, wala isiwe na ila, yaani ugonjwa uliojificha ndani ya khabari ambayo kwa nje yaonekana nzima. Tazama waya ule wa Gran Sasso. Wapokezi waaminifu, sanadi imeungana, nje yake nzima, ndani ina ila. Tazama joto la chumba cha Miller. Na tazama upande wa pili namna khabari zilivyokuja: chembe za angani, saa za ndegeni, setilaiti za njia, mapigo ya nyota. Hazikupita mlango mmoja hata mlango ule ukiwa na kasoro zote zianguke. Mafundi wake hawakuwa watu wamoja, wala mitambo yao haikuwa ya aina moja. Mpaka leo sijui jaribio lililoipinga nadharia hii ambalo limesimama baada ya kurudiwa na wengine.

Lakini kijana wetu naye amevuka mpaka aliposema "majaribio yote", kwa kuwa matatu niliyoyataja yaliipinga siku yalipotangazwa, na watu waliokaa miaka wakiyatafutia ila ndio walioitia nguvu nadharia kuliko walioishangilia. Tena majaribio yana mwisho wa usemi wao. Lorentz alikuwa na njia yake: aliibakisha etha, akasema saa na fimbo hubadilika ziendapo ndani yake kwa kadiri iifichayo kabisa isionekane. Hisabu yake na ya Einstein zalingana, wala hapana kipimo kinachoweza kuamua baina yao. Walio wengi wamemfuata Einstein kwa kuwa kitu kisichoonekana kwa hila yoyote hakina kazi katika elimu hii. Hiyo ni hoja ya akili, na mimi naiona nzito, ila haikutoka katika mtambo.

Ama hofu ya kwamba kila kweli imekuwa nisba, jina ndilo lililowapotosha watu. Nadharia hii yasimama juu ya mambo yasiyobadilika kwa yeyote, kasi ya nuru na kanuni za maumbile. Kinachotafautiana ni kipimo cha muda na cha urefu, na kama matukio mawili yaliyo mbalimbali yalitokea pamoja au la. Ama jambo lililokuwa sababu ya jingine, hakuna msafiri, kwa kasi yoyote isiyopita nuru, atakayeiona athari ikitangulia sababu yake. Baba atabaki mbele ya mwanawe kwa kila mwenye saa. Na watu wa Kilosa hawana haja ya kushtushwa na kwamba wakati wapimwa kwa kuangalia mahali pa mtu, wao ambao wakifuturu kwa adhana ya redio ya Dar es Salaam hufungua dakika 9 hivi kabla ya magharibi yao. Sisemi hayo ni mambo mamoja. Lile ni la mzunguko wa ardhi na hili ni la mwendo na nuru. Nasema tu kwamba sharia haikuporomoka kwa lile.

Imam Ghazali, aliyewapiga wanafalsafa pigo ambalo hawakulisahau, alianza kitabu chake cha Tahafut kwa kutahadharisha kwamba adhanie kuwa kuikanusha hisabu ya kupatwa kwa jua na mwezi ni kuinusuru dini, huyo ameidhuru dini. Kwani hisabu ile ina dalili zake, na mwenye kuijua akiambiwa yapingana na sharia hataishuku hisabu. Mzee wetu alitaka kuingia mlango huo kwa nia njema. Lakini kijana aliingia mlango ulio mkabala nao, naye nina neno naye zaidi, kwa kuwa yeye ni mwalimu. Khabari za majaribio, ziwe nyingi namna gani, hukumu yake kwetu ni dhana yenye nguvu, nayo huenda ikatokea khabari sahihi isiyo na ila ikaipunguza, kama Einstein alivyoipunguza elimu ya Newton. Aya haikushuka kwa sharti hilo. Ukimwambia mtoto wa miaka kumi kwamba aya ni kweli kwa kuwa saa ya ndegeni ilikawia, siku atakayosikia redioni kwamba saa haikukawia utamwambia nini? Na siku hiyo ilikwisha fika mara moja, Septemba 2011, ikakaa miezi kadha kabla ya kuonekana waya. Wafasiri waliokuja kabla ya Einstein waliisoma aya hiyo wakaifahamu bila ya pengo.

Hayo niliyasema mbele yao wote wawili, katika ukumbi wa msikiti, na sikuficha kwamba nimemkosoa kila mmoja. Mzee aliuliza swali moja tu, kama wajukuu zake watafundishwa pia lile la waya uliolegea. Kijana akasema, "Ndiyo, baba, na lile la joto la chumba." Basi wakakubaliana asiondolewe. Asubuhi, kabla ya mzee kupanda basi la kurudi Mikumi, tulipita chuoni pamoja. Saa na mwendo wake vilikuwa vimehamishiwa katika ubao wa skuli ng'ambo ya njia. Aya ilibaki mahali pake peke yake, na chini yake watoto walikuwa wakiandika maana ya maneno, neno kwa neno.